Kamusi Haiumi: Mwongozo kwa Ndugu wa Malolo

Ndugu wa Malolo, msimu wa korosho na ufuta huja na karatasi zake: stakabadhi ya ghala, tangazo la mnada wa RUNALI, chama chetu kikuu cha ushirika, na muhtasari wa kikao cha AMCOS, chama cha msingi cha wakulima. Zinasomwa kwa Kiswahili, na humo ndimo fedha yako inamohesabiwa. Kipe Kiswahili chako muda. Anza hivi.

Kwanza, fungua kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka 1981, na Kamusi Kuu ya BAKITA ikafuata 2015. Unene wa kamusi huwatisha hata wanaume wanaorina asali usiku. Haiumi. Kitenzi kitafute bila "ku": "kukatwa" kaangalie kwenye "kata". Nomino itafute kwa umoja. Ukifika "stakabadhi" utakuta alama i-/zi-, yaani ngeli yake. Basi, stakabadhi yangu imepotea; stakabadhi zangu zimepotea. Kama nyumbani kamusi hakuna, andika maneno matano yaliyokushinda, kayatafute kwa mwalimu wa shule ya jirani.

Pili, tenganisha r na l. Wengi wetu tumelelewa kwa Kimwera, Kimakonde au Kiyao, na ulimi unaipenda l. Usiviache vilugha hivyo, ni mali. Ila kikaoni watu hupiga kura, na kula huja baadaye. Jizoeze kwa sauti, hata mbuzi wakikushangaa: "Tulipiga kura, kisha tukala."

Tatu, andika kila siku. "Cjui xaxa" mpelekee rafiki yako. Ukimwandikia mtendaji wa kijiji, andika "sijui sasa", weka nukta, kisha soma tena kabla hujatuma.

Nne, tega sikio. Taarifa ya habari ya TBC Taifa ikianza, punguza kelele, dondoa neno moja jipya na ulitumie kabla ya kulala. Kisha kaa na bibi na babu. Wao huuliza mambo mazito bila kumvunjia mtu heshima, na ufundi huo kamusi haiuandiki.

Tano, usitie sahihi chini ya neno usilolijua. Tangu 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo "dhamana", "rufaa" na "mdaiwa" yanatuhusu sote. Ukiona "makato" kwenye karatasi ya malipo, simama useme: "Samahani, Katibu. Makato haya ni ya nini, na ni shilingi ngapi kwa kilo?" Sema kwa sauti ya kufika nyuma ya ukumbi, maana wapo wengine waliotaka kuuliza hilohilo wakakosa maneno.