Sifa za Hati Iliyopotea

Hati ya udhamini iliyolala kabatini haimfai mtu. Ni kurasa za lugha ya mawakili; wenyewe walizitia saini bila kuzisoma, wakazisahau. Ikipotea, hapo ndipo inapoanza kuheshimiwa.

Nchini Australia watu wachache, wasiozidi sita tangu Julai 2021, wanaweza kuanzisha, kwa hati ya namna hiyo, mfuko wao wa pensheni na kuwa wenyewe wadhamini wake. Sheria inataka mkaguzi aupitie kila mwaka, naye ana swali moja la kinyama: hati iko wapi? Nyumba nzima inaamka. Droo zinamwagwa, na risiti za friji iliyokwisha kufa zinafufuka. Mhasibu aliyestaafu anajuliwa hali kwa upendo wa ghafla. Shemeji aliyenuniwa tangu msiba anapigiwa simu, kwani naye alitia saini. Mpatanishi gani angeweza hayo?

Lakini utukufu wake hasa uko kwingine. Ukitaka kuandika hati mpya, lazima ufuate masharti ya marekebisho: nani aridhie, nani atie saini. Masharti hayo yameandikwa ndani ya hati ileile isiyoonekana! Ni mfalme aliyetoroka na muhuri wake. Hayupo, na bila yeye ruhusa haipatikani. Wapo wanaojiona werevu, wakataka kuchapa nyingine na kuibandika tarehe ya zamani. Huko ni kughushi, na wakili mwenye akili hukataa.

Nguvu zake hata majaji wanazijua. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya jimbo la Victoria iliamua kesi ya udhamini wa familia ulioanzishwa 1976. Haukuwa mfuko wa pensheni, ila maradhi ni yaleyale: hati haikupatikana, kilichobaki ni ukurasa wa jedwali. Mahakama ikaona masharti hayawezi kujulikana, udhamini ukaanguka, mali ikaenda kwenye mirathi ya mama wa familia hiyo. Karatasi ipi iliyopo imewahi kuhamisha mali kiasi hicho?

Wenye bahati huokota nakala benki, iliyoachwa siku ya kufungua akaunti, wakaandikiwa hati mbadala. Hiyo husainiwa na wote, huskaniwa, nakala zikasambazwa kwa wakili, mhasibu na kila mwanachama. Maskini, hakuna atakayeitafuta.