Abiria Asiyelipa Nauli

Tabu ya kukaa na kinyonga hapa Mugumu haianzii kwa kinyonga, inaanzia kwa watu. Wetu hakununuliwa wala hakukamatwa. Alikuja amejishikiza kwenye mkungu wa ndizi nilioununua sokoni Tarime. Tulikuwa tumeshaipita Nyamongo ndipo mama mmoja wa kiti cha nyuma alipoona jicho moja likimtazama yeye na la pili likimtazama konda, akapiga ukelele. Dereva alifunga breki kwa ukelele ule peke yake. Wanaume waliotusimulia tangu Tarime walivyowafukuza wezi wa ng'ombe usiku wa manane wakatokea madirishani. Konda, akiwa ng'ambo ya barabara, akauliza: "Mdudu huyo nauli yake analipa nani?"

Basi naye tukamwita Konda.

Mpwa wangu wa kidato cha pili alishaona kwenye simu wanavyofuga Wajerumani: kizimba cha kioo, kipimajoto, na taa maalumu ya kumpa kinyonga jua. Jua! Mugumu, saa saba mchana, mtu aniuzie jua la kuchomeka ukutani. Kioo nacho tulikikataa, maana kinyonga akijiona humo hudhani kaja mshindani, akavimba na kuwa mweusi kwa hasira; tena hewa ikituama ndani, kifua kinamuuma. Anahitaji wavu upitishao upepo. Wavu pekee uliokuwepo nyumbani ulikuwa chandarua cha chumba cha wageni.

Maji hanywi bakulini; hulamba matone majanini, kwa hiyo asubuhi na jioni tulimpulizia majani kwa chupa ya saluni, huku nyanya zangu zikinyauka hatua tatu kutoka pale. Na chakula lazima kitembee. Ukimpa panzi mfu anamtazama kama mkwe aliyepewa shingo ya kuku. Mpwa akaleta nyenje hai kwenye kopo. Kifuniko kikafunguka, wakahamia nyuma ya kabati, wakaimba hadi alfajiri. Shangazi, aliyetoka Nyamwaga kututembelea na kulala bila chandarua, akaniita kabla ya chai.

"Mwanangu, mbu wako nimewasamehe. Hii kwaya inalala saa ngapi?"

Mwalimu mmoja wa baiolojia, jirani yangu, alinicheka. Kinyonga ni mteremko, akasema, fikiria vyura wa Kihansi. Chura yule hafiki hata sentimita tatu, na anaishi kwa mvuke wa maporomoko. Mitambo ya umeme ilipoyachukua maji, mwaka 2000 vyura karibu 500 walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, wakawa wananyunyiziwa ukungu wa maji kila siku. Kizimba chao hakitaki mzaha, kwa sababu chura hunywa kwa ngozi: uchafu wa maji yake ni uchafu wa damu yake. Mwaka 2010 wakarudi, wakafikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa bondeni kwao. Wamepanda ndege kuliko ukoo wetu mzima.

Aliyemaliza ufugaji wetu ni askari wa wanyamapori aliyepita kunywa chai. Kumweka kinyonga ndani bila kibali hairuhusiwi, akaeleza. Kwa Sheria ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma, wako chini ya dhamana ya Rais. Shangazi, aliyekuwa ameshanyanyua ufagio, akaushusha taratibu.

"Kumbe ni wa Rais?"

Jioni ile ile Konda akapelekwa kwenye ua wa minyaa, na chandarua kikafuliwa mara mbili.

Hakwenda mbali. Baadaye mke wangu alimkuta kwenye tuta la mchicha akichimba shimo, na hapo ndipo tulipojua kwamba Konda ni mama. Vinyonga wa aina yake hutaga mayai kwa makumi, yakakaa ardhini miezi kadhaa. Nikamuuliza askari kama na mayai ni mali ya umma. Akaomba kwanza aongezewe sukari.

Tuta haliguswi. Mchicha tunanunua kwa jirani, ambaye hutupitishia fungu juu ya ua kwa ncha ya mti mrefu, na chenji pia.