Kilomita Mia Tano za Kwenda Kukimbia Ishirini na Moja

Barabara ya mzunguko wa nje ya jiji la Dodoma ina urefu wa kilomita 112.3. Nimeipigia hesabu: ni nusu marathoni tano, na chenji ya kumfikisha mtu kwenye supu. Kule Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kuna lami pana ambayo Jumapili alfajiri haina mtu isipokuwa mlinzi na redio yake. Upepo upo, tena wa bure na wa kuzidi. Nafasi ndiyo usiseme. Lakini mwambie mwanakundi wa mbio wa hapa mjini, "Jumapili tukimbie ishirini na moja, tunaanzia Ihumwa tunamalizia Nyerere Square," atakuuliza kama medali ipo na kama mpiga picha yupo. Ukimwambia hakuna, goti linamuuma. Goti hilohilo Februari litakaa kwenye Kosta kuanzia Dodoma hadi Moshi, limekunjwa chini ya siti ya mbele, na halitalalamika hata mara moja.

Serikali ilipoamua kweli kuhamia Dodoma mwaka 2016, watumishi tulihama na mafaili, na makabati, na vitambi tulivyovikuza kwenye foleni za Dar es Salaam. Madaktari wakaanza kututajia presha na sukari kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Tukaunda kundi la mazoezi. Kundi la Kitanzania likishaundwa lazima lipate mwenyekiti, katibu, mhazini na WhatsApp, na WhatsApp ikishapatikana mazoezi yenyewe yanahamia humo. Saa kumi na moja alfajiri watu wazima, wengine ni wakurugenzi, wanaandika "Twende kazi!" wakiwa chini ya blanketi. Ukifika Chinangali unamkuta katibu, ambaye hana namna, na mbwa wawili wasio wanachama.

Kitu pekee kinachowatoa watu hawa kitandani ni safari. Na safari ya safari ni Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi kila mwaka tangu 2003, kwa kawaida Februari inapoelekea ukingoni. Zipo kilomita 42.2 za wenye kazi yao, zipo 21.1 za watu kama sisi, na zipo tano za wanaokwenda kupiga picha bila kujificha. Kutoka Dodoma unapanda Kondoa, Babati, Makuyuni, Arusha, ndipo ushuke Moshi. Ni kilomita mia tano hivi. Unakwenda mia tano, unakimbia ishirini na moja, unarudi mia tano. Ni kama msafara wa msiba, tofauti ni kwamba msibani hakuna anayekudai saizi ya fulana.

Fulana hiyo ina historia yake. Waandaaji wa mbio wanakupa fulana, umeshailipia kwenye kiingilio. Lakini kundi haliwezi kwenda Moshi bila fulana ya kundi, ya kuvaa ndani ya gari, ili watu wa Babati tunakonunua mahindi ya kuchoma wajue kwamba sisi si abiria, ni wanamichezo. Mjadala wa rangi ulichukua muda mrefu kuliko mazoezi. Kina mama walitaka ya zambarau kwa heshima ya zabibu zetu, kina baba wakasema zambarau inaonyesha tumbo. Tukaafikiana kijani. Fundi aliyetuchapia, ambaye nitamsitiri, akatuletea DODOMA yenye O tatu mahali panapotosha mbili. Mwenyekiti akasema hiyo ya ziada ni ya mwendo kasi.

Baada ya fulana ukaja mchango wa gari, mchango wa malazi, mchango wa maji, na mchango uliopewa jina la "dharura" ambao hadi leo sijaona ulikokwenda, maana dharura zangu zote nilizigharamia mwenyewe. Mke wangu aliketi kitandani akajumlisha. Akaniuliza, "Baba watoto, kwa hela hii si ungenunua baiskeli?" Nikamwambia baiskeli haina namba ya kifuani. Akazima taa.

Jirani yangu kule Nzuguni ni mzee wa Kigogo ambaye ujanani alipeleka ng'ombe mnadani kwa miguu, umbali ambao mimi siwezi kuupendekeza hata kwa bajaji. Siku ya kuondoka alinikuta getini na begi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbukwa! Safari ya wapi?"

"Moshi, mzee. Nakwenda kukimbia."

"Umemkosea nani?"

Nikamweleza. Akasikiliza kwa adabu, mikono nyuma.

"Kwa hiyo wanakulipa."

"Hapana mzee, nalipa mimi."

"Na ukiwa wa kwanza?"

"Siwezi kuwa wa kwanza, mzee. Kuna watu wa Arusha na Manyara, na Wakenya. Mimi nakwenda kumaliza. Ukimaliza unapewa medali."

"Na asiyekuwa wa kwanza naye anapewa?"

"Wote wanaomaliza."

Alitazama begi, akatazama raba zangu mpya, akatazama upande wa mlima Simba kana kwamba kule ndiko aliko mtu mwenye akili. Kisha akaniombea kwa Mungu nirudi salama. Nadhani alimaanisha nirudi katika hali yangu ya zamani.

Kosta ilipangiwa kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Iliondoka saa moja na nusu, kwa sababu mhamasishaji mkuu wa kundi, yule wa "Twende kazi!", alipitiwa na usingizi. Barabara yenyewe sina ugomvi nayo. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na sisi tunaokumbuka vumbi na tope la njia ile kabla ya hapo tunapita tukiwa tumevua kofia. Ugomvi wangu ni na kibao cha hamsini. Kila penye nyumba nne na duka la vocha kuna kibao cha hamsini, na mbele ya kibao kuna trafiki na tochi. Dereva anakanyaga, anafunga breki, anakanyaga, anafunga breki. Kabla ya Kondoa misuli ya mapaja ilikuwa imeshafanya zoezi ambalo halikuwa kwenye ratiba ya mwalimu.

Na ndani ya gari kulikuwa na mtaalamu. Kila kundi la mbio lina mtaalamu wake. Wetu alisoma mahali kwamba mkimbiaji anapaswa kujaza wanga siku mbili kabla. Chini ya mwongozo wake tulijaza viazi Chemba, tukajaza chapati Kondoa, na Babati tukajaza wali na samaki wa ziwani, kisha tukalala wote kwa pamoja mithili ya chatu. Tulipopita Kolo niliomba tusimame dakika chache tuone michoro ya miambani, ile ya Kondoa iliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mwenyekiti akakataa, muda hautoshi. Kwa viazi muda ulitosha. Nasikitika, maana kwenye majabali yale wamechorwa watu warefu, wembamba, miguu mirefu, na wanyama pembeni yao. Nina hakika hakuna aliyelipa kiingilio. Kama walikimbia, ama walikuwa wanafukuza kitoweo ama wao ndio walikuwa kitoweo, na zote mbili ni sababu zinazoeleweka.

Moshi tulifika usiku. Sina nia ya kuamsha utani wa makabila, na watani zangu wa Kilimanjaro wananijua, ila chumba cha gesti tulichokubaliana kwenye simu kilikuwa kimepanda bei tukiwa njiani, labda mahali fulani karibu na Makuyuni. "Mzee, leo ni marathoni," akasema kijana wa mapokezi, kwa upole mkubwa. Nikalala kitanda kimoja na mhazini. Mtu huyu kwenye vikao haongei hata ukimuuliza salio, lakini usiku anatoa taarifa ndefu isiyo na aya. Nilikuwa sijasinzia vizuri kengele za simu zikaanza, saa kumi alfajiri, simu zote kwa pamoja, kila moja na wimbo wake wa injili.

Sasa mbio. Mwanzo ni raha tupu. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika umejaa, muziki unapigwa, mlima umejifunua wote na theluji yake, mita 5,895, watu wanaupa mgongo ili waingie nao kwenye picha. Mnaondoka mkiwa maelfu, mnateremkia mjini, unajiona kijana. Kisha njia inageukia Mweka.

Watalii wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame hushukia Mweka. Wanashuka, nawaomba mzingatie hilo. Sisi ndio tunaoipanda barabara yake, katikati ya migomba na mibuni, kupanda kusikoonekana kwa macho bali kwa mapafu. Pembeni wamejipanga akina mama na watoto wakipiga makofi. "Pole baba, umekaribia!" ananiambia mama mmoja nikiwa sijafika hata katikati ya mlima. Mbele kidogo mwingine: "Kaza baba, ni pale tu kwenye kona!" Watu wa Uchaggani ni wakarimu sana kwa maneno, hawataki mgeni avunjike moyo, na kona zao hazina idadi. Wakati huo upande wa pili wa barabara vijana waliokwisha kugeuka wanateremka kasi, hawatoi jasho, mmoja anazungumza na mwenzake.

Lililonikera zaidi ni hesabu. Njia ile, kwa maelezo ya waandaaji wenyewe, inacheza kati ya mita 830 na 1,150 kutoka usawa wa bahari. Dodoma mjini ni kama mita 1,120. Kwa maneno mengine, nimelipa kiingilio, nauli na gesti, nimesafiri siku nzima, nimepanda mlima nikihema na kumwita marehemu bibi, na pale juu kabisa penye kugeuzia, ulimi nje, nimefika kwenye kimo cha kitanda changu.

Nilimaliza. Muda wangu ni siri kati yangu na ile chipu. Najua kuna msomaji atakayesema nyanda za kati tuna damu ya mbio, na atataja majina. Ayataje. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, na Boston akashika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, jambo linalonifariji maana hata yeye kuna kilima kilimkatalia. Alphonce Simbu wa Singida ndiye bingwa wa dunia, Tokyo, Septemba 2025. Alikimbia kilomita 42 na ushee, akafika mstarini pamoja na Mjerumani, wakaandikiwa muda uleule, 2:09:48, na waamuzi wakamtenga kwa tatu za mia za sekunde. Si sekunde tatu. Sehemu tatu za sekunde iliyokatwa mara mia. Mimi pale Mweka nilipoteza sekunde zaidi ya hizo nikichagua chupa ya maji isiyo ya baridi. Hao walisafiri mbali kukimbia kwa sababu huko ndiko walikokuwa watu wa kushindana nao. Sisi tuliwapeleka Moshi watu tunaoshindana nao kwenye ngazi za ofisi, na kwenye ngazi huwa wanapanda lifti.

Kurudi kulikuwa kimya hadi Arusha, tulikosimama Kwa Mromboo kula nyama, na hapo ndipo nilipowaona wenzangu wakikimbia kwa mara ya kwanza. Jumatatu kazini wote tulishuka ngazi kinyumenyume. Medali zilikaa juu ya meza wiki nzima, karibu na mhuri. Mzee wangu wa Nzuguni aliishika ya kwangu, akaipima uzito kwenye kiganja, akaigonga kwa ukucha, akanirudishia. "Ni nzuri," akasema. "Ina tundu. Unaweza kumvisha mbuzi."

Na Julai inapofika, shehena inageuka. Dodoma nasi tuna marathoni yetu kubwa, ya NBC, inayoanzia Uwanja wa Jamhuri tangu 2020, na fedha zake husaidia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Jambo la maana kabisa. Watu wa Dar es Salaam wanajaa kwenye treni ya SGR, iliyoanza kufika kwetu mwaka 2024, wanateremka na fulana zao za kundi, wanatetemeka kwa baridi ya asubuhi, wanasifia barabara. "Mna bahati nyie! Tungekuwa na barabara hizi tungekimbia kila siku." Tunaitikia kwa unyenyekevu. Kisha tunajiandikisha kilomita tano, kwa sababu mbio za nyumbani, kama alivyosema mwenyekiti kwenye kikao, hazina msisimko, na kwa sababu wiki hiyohiyo kuna fununu ya mbio nyingine huko mbali, zenye medali kubwa zaidi.

Kundi limeshafungua orodha ya Moshi ya Februari ijayo. Anayetaka kwenda nasi ampe mhazini mchango kabla ya Krismasi, aandike saizi yake ya kweli na si ile ya mwaka wa harusi, na aje na godoro lake. Siti ya dirishani upande wa kushoto, usiopigwa na jua la asubuhi, isiguswe na mtu. Hiyo ni yangu.