Jinsi ya Kupata Makaburi ya Kihistoria Yasiyo na Marehemu

Kama mji wako unawataka watalii lakini haukujaliwa bahari wala simba, usikate tamaa. Fuata nyayo za Dodge City, jimbo la Kansas, Marekani.

Kwanza tafuta kilima, halafu ngoja watu wauane. Dodge City haikungoja sana. Mji ulianza 1872, reli ikafika mwaka huohuo, na pombe haikuchelewa. Wawindaji wa nyati, wacheza kamari na wapita njia walilewa, wakakorofishana, wakachomoa bastola. Mwenye ndugu na uwezo alizikwa kwenye kambi ya jeshi ya Fort Dodge. Asiye na mtu alifukiwa kilimani, buti zikiwa bado miguuni, na hapo pakaitwa Boot Hill.

Makauboi je? Hao walioswaga ng'ombe kutoka Texas walianza kumiminika katikati ya miaka ya 1870, makaburi yenyewe yakikaribia kufungwa. Hili mtalii halimhusu.

Sasa funga makaburi. Dodge walifunga 1878, mwaka uliofuata wakahamisha mifupa, wakajenga shule. Kiwanja kizuri namna ile, chenye upepo na mandhari, wakikalie watu wasiolipa kodi? Wengi hukosea hapa kwa kung'ang'ania kuhifadhi. Wewe fukua kila kitu, kisha vuta subira miaka hamsini hivi, mpaka wajukuu waanze kuona fahari juu ya yale ambayo babu zao waliyaonea haya.

Hatua inayofuata inahitaji daktari wa meno. Usicheke: nani mwingine mjini amezoea kutengeneza kalibu? Wa Dodge aliitwa O. H. Simpson. Alianza na sanamu ya kauboi, tena aliyemtumia kama kielelezo alikuwa polisi. Mwaka 1932 wanachama wa Rotary walikuwa wakija kwa mkutano, naye akaona awachekeshe: akatengeneza makaburi ya uongo, nyuso za simenti zikichungulia kutoka udongoni, na ncha za buti zikiwa zimechomoza kama viazi vilivyosahaulika shambani. Wageni wakacheka, wakaenda zao. Makaburi yakabaki, na watu wakaanza kufunga safari kuja kuyaona. Kufikia 1947 kilima kilikuwa na makumbusho yake.

Ukiweza, pata na televisheni. Kuanzia 1955 hadi 1975 tamthilia ya Gunsmoke ilimwonyesha Matt Dillon akilinda amani Dodge City. Hakuwahi kuwapo duniani, lakini kwa utalii alifanya kazi kuliko marehemu wote wa kilima wakijumlishwa. Mtaa wa zamani, Front Street, ukajengwa upya kwa mfano wake, baa ikiwamo.

Na akitokea mdadisi akuulize ni nani hasa amelala hapa, mwambie onyesho la kupigana bastola linakaribia kuanza, na viti vya mbele vinajaa upesi.