Virusi Asiye na Hatia
Kompyuta ya nyumbani ikianza kuganda na diski kutoa mlio wa tak-tak, mwenye mali huwa ameshapata mshtakiwa: virusi. Fundi naye habishi; hupiga Windows upya, hulipwa, kisha husubiri simu ya pili. Windows mpya juu ya diski inayokufa ni rangi mbichi kwenye mlango ulioliwa na mchwa. Utafiti wa Google uliochapishwa mwaka 2007, juu ya diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba diski ikishatoa kosa la kwanza inapojikagua, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya diski isiyo na kosa hilo. Utaambiwa programu ya kupima diski imeandika “afya njema”. Utafiti huohuo ulikuta zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuonyesha hata moja ya dalili nne kuu ambazo programu kama hiyo hutafuta. Cheti hicho kitundike ukutani. Anayelalamikia bei ya diski mpya ya SSD ajumlishe kwanza malipo ya fundi (ambaye, ajabu, hatoi dhamana). Ila picha za harusi zinakiliwe kwanza, kabla Windows haijapigwa tena.