Mheshimiwa Rais, semina ile ilikuwa ya kwenu

Kwa Mheshimiwa Rais,
Akademia ya Sayansi ya Urusi,
Moscow.

YAH: OMBI LA KUIINGIZA SEMINA YA JUMAPILI KATIKA HISTORIA YA AKADEMIA

Mheshimiwa Rais,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa kemia, mkazi wa Tanga. Sina cheo cha kunipa haki ya kubisha hodi mlangoni pako, ila nina deni. Nimeiandika barua hii hadharani na kwa Kiswahili kwa sababu wapo wengi hapa kwetu wanaodaiwa deni hilohilo, na ningependa nao waisome.

Deni lenyewe ni vitabu. Katika miaka ambayo shule zetu zilikuwa na kitabu kimoja kwa wanafunzi kumi, vitabu vya shirika la uchapishaji la Mir kutoka Moscow vilipatikana Dar es Salaam kwa bei ambayo mwalimu angeweza kuilipa na jioni bado akala. Jalada gumu, maandishi madogo, maswali ya mazoezi yasiyo na huruma. Waliovitunga hawakunijua, lakini waliamini kwamba mtu wa Tanga anaweza kuelewa hesabu za juu kama mtu wa Leningrad. Imani hiyo ndiyo iliyonifanya niwe mwalimu. Naomba usiichukue shukrani hii kuwa kilemba cha ukoka cha kukulainisha kabla ya ombi. Ningeitoa hata kama nisingekuwa na la kuomba.

Mheshimiwa, shuleni kwetu hatukuwahi kuwa na elektrodi inayozunguka, yaani kisahani cha kupitishia umeme kinachozungushwa majini. Kwa wanafunzi wachache wa kidato cha sita waliokuwa na kiu, nilichukua kifuniko cha kopo la rangi, nikakichomeka kijiti katikati, nikakigusisha kwenye karai la maji yenye majani ya chai na kukizungusha kwa vidole. Wakayaona majani yakivutwa kutoka chini kuja katikati ya kifuniko, kisha yakitupwa pembeni pande zote. Elektrodi halisi huvuta maji vivyo hivyo: kadiri kisahani chake kinavyozunguka kwa kasi, ndivyo kemikali iliyomo majini inavyokifikia kwa wingi na mkondo wa umeme kuongezeka. Ila hauongezeki kwa kiwango kilekile cha kasi: ukizidisha kasi mara nne, mkondo unazidi mara mbili tu. Aliyeyaeleza hayo kwa hesabu iliyokamilika ni Veniamin Levich, mwanafunzi wa mwanafizikia Landau, wa Akademia yenu. Hata leo, anayepima vichocheo vya seli za haidrojeni au anayechunguza kutu, popote alipo duniani, huandika mlinganyo wa Levich.

Nililiandika jina hilo ubaoni kwa miaka mingi kabla ya kuzijua habari zake.

Levich alikuwa mjumbe mshiriki wa Akademia tangu 1958. Mwaka 1972 aliomba ruhusa ya kuhamia Israeli pamoja na familia yake. Hakuna Myahudi mwenye daraja kama lake katika sayansi ya Kisovyeti aliyekuwa amethubutu kuomba kabla yake. Akaondolewa kwenye ualimu. Mei 1973 mwanawe, Yevgeny, naye mwanafizikia, alikamatwa barabarani na kupelekwa jeshini, kaskazini kwenye barafu. Baba hakupata ruhusa hadi mwishoni mwa 1978.

Naomba radhi kwa kuyaeleza mambo ambayo bila shaka unayajua kuliko mimi. Wasomaji wangu wengi hawayajui, na ombi langu halitaeleweka bila hayo. Aliyetaka kuhama alihitaji mwaliko wa jamaa aliyeko Israeli, na pia barua ya tabia kutoka kazini. Hapo kwenye barua ya tabia ndipo mtu alipovunjwa. Ili aipate, ilimbidi awaambie wakubwa zake kwamba anataka kuondoka, ilhali hajui kama ataruhusiwa. Kikao kikaitishwa. Wenzake wa miaka mingi, waliokunywa naye chai na kutia naye sahihi kwenye makala, wakasimama kumlaani, wengine kwa moyo na wengine kwa woga. Akitoka kikaoni hana kazi, au ameshushwa akafanye kazi ya kijana aliyemaliza chuo juzi. Kisha ofisi ya vibali, OVIR, ikamjibu kwa mdomo tu, bila karatasi, kwamba amekataliwa. Kwa Kirusi wakaitwa otkazniki, yaani walionyimwa. Agosti 1972 iliongezwa amri ya kuwatoza wasomi gharama za elimu yao kabla ya kuondoka, fedha ambazo mshahara wa miaka kadhaa usingetosha kuzilipa. Mwaka uliofuata amri hiyo iliachwa kimya kimya, baada ya dunia kupiga kelele.

Na asiye na kazi alikuwa na kosa jingine la kisheria: kuishi kama kupe. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1983, wakati wa operesheni ya Nguvu Kazi ya kuwasaka wasio na kazi hapa Tanzania, tunalijua neno hilo na tunajua lilivyouma. Ndiyo maana daktari wa hesabu angeweza kukutwa usiku akilinda lango, au akichochea tanuri la kupashia majengo joto, ili awe na karatasi ya kumwonyesha polisi.

Sababu iliyotajwa mara nyingi ilikuwa siri za dola. Sipingi kwamba dola lina siri. Lakini mtazame Naum Meiman, mwanahesabu. Hesabu alizoifanyia serikali zilikuwa za miaka ya 1940 na 1950. Aliomba kuondoka mwaka 1975, akanyimwa kwa ajili ya hesabu hizo, zilizokuwa zimezeeka kuliko wanafunzi wake. Mkewe, Inna, alikuwa na saratani. Januari 1987 aliruhusiwa kwenda Marekani kutibiwa, bila mumewe. Alifariki Washington Februari hiyohiyo. Meiman aliruhusiwa mwaka 1988, akiwa mjane. Mheshimiwa, nimeifikiria habari hii mara nyingi usiku, na sijaiona siri ambayo mume angeitoa akiwa ameushika mkono wa mkewe hospitalini.

Sasa nafika kwenye ombi.

Mwanasayansi aliyetengwa anaweza kuvumilia mshahara mdogo, lakini akikosa wa kubishana naye hukauka. Aliyeliona hilo mapema ni Alexander Voronel. Mwaka 1972 aliwakusanya walionyimwa nyumbani kwake Moscow, wakawa wanakutana Jumapili kusomeana kazi zao. Alipoondoka, semina ikahamia kwa Mark Azbel, ambaye jina lake, pamoja na la mwenzake Kaner, liko katika kila kitabu kinachoeleza mwitiko wa elektroni za metali ndani ya uga wa sumaku. Azbel alipopata ruhusa mwaka 1977, ikahamia kwa Victor na Irina Brailovsky. Andrei Sakharov naye alihudhuria. Waliketi sebuleni, koti juu ya koti, na mada zilikuwa fizikia, hesabu na sibernetiki. Walipotaka kuandaa kikao cha kimataifa mwaka 1974, Rais Nixon alikuwa njiani kuja Moscow, na waandaaji wakawekwa ndani mpaka mgeni alipoondoka. Novemba 1980 Victor Brailovsky alikamatwa. Mwaka uliofuata alihukumiwa miaka mitano ya uhamisho, akapelekwa Kazakhstan.

Na mwenge haukuzimika, kwa sababu kulikuwa na watu wa nje. Naomba uniruhusu niwasemee kidogo, maana wao hawakuwa na deni kwa walionyimwa kama mimi nilivyo na deni kwa Mir, na bado walijitoa. Mwaka 1972 huko Marekani iliundwa kamati ya wanasayansi walioguswa na masaibu ya walionyimwa. Julai 1977 wenzake Levich walifanya mkutano Oxford kuadhimisha miaka yake 60. Wakasoma mada juu ya vimiminika na elektrodi siku kadhaa, na mwenye sherehe yuko Moscow, hana ruhusa ya kuja. Baada ya watetezi wa haki za binadamu Yuri Orlov na Anatoly Shcharansky kufungwa, zaidi ya wanasayansi 2,000 wa Marekani walitangaza mwaka 1979 kwamba wangepunguza au kusitisha ushirikiano na taasisi za Kisovyeti.

Juu ya susio hilo nina maoni yangu, nayo nayatoa kwa unyenyekevu. Naelewa hasira iliyolizaa, na huenda lilisaidia. Lakini ninaowaheshimu zaidi ni waliofunga safari. Walikuja kama watalii au kama wageni wa mikutano rasmi, wakatafuta mtaa, wakapanda ngazi mbele ya macho ya watu wasiovaa sare, wakagonga mlango, na wakishaingia wakatoa mhadhara. Mtu aliyeambiwa na nchi yake kwamba si mwanasayansi tena, akaulizwa na mgeni swali gumu juu ya hatua ya tatu ya uthibitisho wake, huyo amerudishiwa kazi yake kwa saa mbili.

Mmoja wao alikuwa Joel Lebowitz, mwanafizikia aliyenusurika Auschwitz akiwa kijana. Mwaka 1979 alikuwa Rais wa Akademia ya Sayansi ya New York, na mwaka 1980 akademia hiyo ilichapisha, katika mfululizo wake rasmi, juzuu zima la mada za mkutano wa semina ile ya Moscow. Mheshimiwa, hapo ndipo ninapokwama. Semina iliyofanyika katika mji wenu, ikaongozwa na watu mliowasomesha ninyi, kwa sayansi iliyotoka kwa Landau na kwa mwanakemia Frumkin, imewekewa kumbukumbu na akademia ya mji mwingine, ng'ambo ya bahari. Mtoto wenu ameandikwa kwenye daftari la jirani.

Ninachokuomba, kwa heshima zote, ni mambo mawili.

La kwanza, Semina ya Jumapili iandikwe katika historia ya Akademia kama semina ya kisayansi, sawa na semina nyingine zozote za Moscow za miaka ile: ilianza lini, iliketi wapi, nani alisoma nini. Isiwekwe kwenye sura ya siasa. Wenyewe waliing'ang'ania ili wabaki kuwa wanasayansi, na ingekuwa dhuluma ya pili kuwakumbuka kama wapinzani tu.

La pili, mihtasari ya vikao vile vya barua za tabia, kila inayopatikana katika taasisi zenu, ifunguliwe kwa watoto na wajukuu wa waliojadiliwa. Siombi waliosimama kulaani wafichuliwe magazetini. Wengi wao wamekwisha tangulia mbele ya haki, na woga wa wakati ule si wangu kuuhukumu. Lakini mjukuu ana haki ya kusoma siku ambayo babu yake alirudi nyumbani hana kazi, na pengine atakuta humo jina la mwenzake mmoja aliyekataa kunyoosha mkono. Wa namna hiyo nao wanastahili kujulikana.

Najua nyumba yenu haijakosa ushupavu. Sakharov alipohamishwa kwa nguvu kwenda Gorky Januari 1980, Akademia haikumvua ujumbe wake, hata wakubwa wa nchi walipotamani iwe hivyo. Najua pia kwamba hukuwa wewe uliyetia sahihi karatasi za miaka ile. Na siandiki kwa kudhani kwamba mambo haya ni ya kale tu: mwezi Mei 2023 wanasayansi wa taasisi moja ya Novosibirsk waliandika barua ya wazi kuwatetea wenzao watatu walioshitakiwa kwa uhaini, wakieleza kwamba kazi zao zilipitiwa na kamati ya kukagua siri kabla ya kuchapishwa. Nimeisoma habari hiyo kwa uchungu wa mtu anayeitambua sauti. Walifanya walichoshindwa kufanya wengi katika vikao vya miaka ya 1970, nami nawapa pole na pongezi kupitia kwako.

Narudi kwa walionyimwa. Mwaka 1979 Wayahudi wapatao 51,000 waliruhusiwa kuondoka Umoja wa Kisovyeti. Mwaka 1986 hawakufika 1,000. Alexander Lerner, mtaalamu wa sibernetiki, aliomba mwaka 1971 na akaondoka 1988. Miaka yake 17 haiwezi kurudishwa na mtu yeyote, na sikuombi lisilowezekana. Nakuomba ukurasa katika kitabu chenu cha historia, na ufunguo wa kabati.

Nikipata bahati ya kujibiwa, jibu nitalibandika ukutani katika ile maabara ya shule niliyofundisha, jirani na mlinganyo wa Levich, ambao mwanafunzi mmoja aliuandika kwa rangi ya mafuta na hakuna mwalimu mkuu aliyethubutu kuupaka chokaa.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Tanga.