Nani Aliyeitoboa Filamu?

Popo na Buibui ni watani wa siku nyingi. Mmoja alitoa jina lake kwa shujaa wa kampuni ya DC mwaka 1939, mwingine akatoa lake kwa shujaa wa Marvel mwaka 1962, na wote wawili hawajapelekewa hata senti. Wanaishi kwenye dari ya jumba moja la sinema, Popo akining'inia kichwa chini, jambo ambalo kwa aina ya filamu zinazozungumziwa hapa halimpotezei chochote. Taa zimewashwa, watazamaji wametoka, ubishi umeanza.

POPO: Mtani, umewasikia wale vijana wa mstari wa nyuma? Wamebishana hadi mlangoni. Eti filamu ina tundu. Mtu anavaa chupi juu ya suruali, anaruka hadi mwezini, hilo wamelipokea bila swali. Akichelewa kufika benki wanataka maelezo ya maandishi. Ukishameza uongo mkubwa, uongo mdogo unakukwama nini?

BUIBUI: Unakwama, mtani, tena kuliko mkubwa. Chukua ngano ya Kima na Papa. Kima anasema, papa anasema, wanafanya urafiki, na hakuna mtoto wa pwani aliyewahi kuuliza papa alijifunzia wapi kuzungumza. Kima akiwa katikati ya bahari anadai moyo wake ameuacha nyumbani mtini, na papa anageuza safari. Hilo si tundu. Papa ni mjinga, na ngano nzima imesimama juu ya ujinga wake. Sasa tuseme papa huyohuyo, dakika mbili kabla, ametuonyesha kwamba anajua fika moyo hukaa kifuani. Hapo mtoto atamkatiza msimulizi, na atakuwa na haki. Anayeanza hadithi hutuomba tumkubalie mambo fulani, nasi humkubalia. Tunachodai ni kwamba aliloliomba asilisahau mwenyewe. Wale vijana hawakulalamika kwamba steringi ameruka. Wamelalamika kwamba aliyeruka saa moja iliyopita sasa anapanda ngazi mbio kwenda kumwokoa mchumba.

POPO: Basi waandishi ni wazembe. Kesi imekwisha, niache nilale.

BUIBUI: Usilale. Uzembe upo, lakini hauelezi kwa nini matundu makubwa hutokea mahali palepale. Kazi yangu mimi ni nyuzi. Utando wangu sehemu kubwa ni uwazi, na inzi hapiti. Kinachouangusha ni uzi uliokatika upande mmoja ukabaki unaning'inia. Watengenezaji wa filamu hukichukua kitabu cha katuni chenye tendo ambalo wasomaji hawajalisahau kwa miaka thelathini. Tendo wanalitaka, maana ndilo litakalouza tiketi. Sababu ya tendo hawaitaki: ni ya kichawi mno, au ni ndefu mno, au inamhitaji mhusika ambaye haki zake ziko kwa kampuni nyingine. Wanaikata, wanafunga sababu mpya kwenye tendo lilelile. Hapo ndipo panapotoboka.

POPO: Maneno matamu. Toa ushahidi, na uanzie kwenu Marvel, usije ukakimbilia nyumbani kwangu.

BUIBUI: Naanzia kwetu. Mwaka 1991 Jim Starlin aliandika The Infinity Gauntlet. Thanos anakusanya vito sita, anapiga vidole, na nusu ya viumbe vyote vya ulimwengu inatoweka. Kwa nini nusu? Kwa sababu anampenda Mauti, na Mauti katika katuni zile ni mwanamke aliyekwisha kumtuma apunguze walio hai. Thanos anaua ili apendwe, na hapendwi. Ni sababu ya kichaa, lakini imeshika tendo pande zote mbili. Avengers: Infinity War ya mwaka 2018 ikachukua kupiga vidole, ikamwondoa Mauti, ikaweka uchumi. Thanos wa filamu anasema ulimwengu una vinywa vingi na chakula kichache, kwa hiyo nusu wafe ili nusu ishibe. Ukimpa mtu hoja ya hesabu, mtani, basi watu watapiga hesabu. Mwaka 2018 dunia ilikuwa na watu kama bilioni 7.6. Nusu yake ni bilioni 3.8, idadi tuliyokuwa nayo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Christopher Reeve alipovaa joho la Superman mwaka 1978, dunia ilikuwa imeshapita bilioni 4. Yaani kazi yote ile, sayari kwa sayari, kito kwa kito, hadi kumtupa binti yake jabalini, ingemnunulia dunia muda usiofika miaka hamsini, kisha aanze upya. Na vito hivyo, kwa maneno ya filamu yenyewe, vinaweza chochote. Angeongeza chakula mara mbili. Mpenzi wa Mauti hawezi kuambiwa aongeze chakula, kwa kuwa hakuwa akitafuta chakula. Mchumi anaweza, na tangu siku ile anaambiwa kila anapotajwa.

POPO: Hapo nakukamata. Thanos ni mwendawazimu. Mpango mbovu wa mtu mbovu si tundu, ni tabia yake. Umesema mwenyewe papa alikuwa mjinga na ngano ikasimama.

BUIBUI: Ngano ilijua kwamba papa ni mjinga. Hii filamu haijui. Wamo Tony Stark, na Bruce Banner mwenye shahada saba za uzamivu, na tabibu aliyegeuka mchawi. Katika filamu mbili zenye jumla ya saa tano na zaidi, hakuna hata mmoja anayemuuliza kwa nini asizidishe mavuno. Wanambishia kwamba ni ukatili, hawambishii kwamba ni upuuzi. Tena Avengers: Endgame inampa sifa: shujaa Steve Rogers anasimulia kwamba nyangumi wameonekana katika mto Hudson kwa kuwa meli zimepungua na maji yamesafika. Na ukiniambia huenda vito vinaweza kuangamiza tu, kumbuka Thanos mwenyewe mwishoni anatishia kuuvunja ulimwengu hadi chembe ya mwisho na kuumba mwingine. Anayeweza kuumba ulimwengu hashindwi na gunia la mahindi.

POPO: Ila yule wa katuni, muuaji kwa ajili ya mapenzi! Watu wazima wangecheka.

BUIBUI: Huenda. Sisemi wasibadilishe. Nasema walibadilisha nusu. Ukitaka Thanos mchumi, mtafutie uovu wa kichumi: ahodhi, auze, agawe kwa upendeleo. Nusu ilikuwa deni la Mauti. Mauti alipoondoka, nusu ikabaki haina mwenyewe. Na sasa niruhusu niingie kwako. Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons ilitoka kwa matoleo 12 mwaka 1986 na 1987. Marekani na Urusi ya Kisovyeti ziko ukingoni mwa vita vya nyuklia. Tajiri mmoja, Adrian Veidt, anatengeneza dubwana kama pweza, analitumbukiza New York, mamilioni wanakufa, na mataifa yote mawili yanaamini kwamba ulimwengu mwingine umewavamia. Wanaweka silaha chini. Ni upuuzi, lakini angalia uzi ulivyofungwa: adui katoka nje, hana pasipoti, hana balozi, kwa hiyo maadui wawili wa ndani wanaweza kusimama pamoja. Mwaka 2009 Zack Snyder akatoa filamu bila pweza. Humo Veidt analipua miji ya Marekani na ya kwingineko kwa nguvu inayofanana na ya shujaa Dr. Manhattan, na lawama inamwangukia Manhattan. Mataifa yanapatana vilevile.

POPO: Na ni bora. Pweza wa mita mia angeua filamu. Tena Manhattan tayari yumo kwenye hadithi, hakuna haja ya kuleta mgeni dakika ya mwisho. Na Marekani nayo imepigwa, kwa hiyo msiba ni wa wote.

BUIBUI: Umeisema vizuri kuliko watetezi wake wengi, na kwa upande wa usanifu nakukubalia. Lakini jiweke katika kiti cha jenerali wa Kisovyeti. Manhattan ni nani kwako? Ni silaha ya Marekani. Ndiye aliyewashindia vita vya Vietnam, ndiye waliyekutisha naye kwa miaka mingi. Leo silaha hiyo imeteketeza mji wako. Utamkumbatia aliyeifuga kwa sababu imemuuma na yeye? Uongo wa Veidt ulihitaji mgeni. Filamu imebakiza amani na kumwondoa mgeni, ndipo amani ikawa haina pa kushika.

POPO: Kwa hiyo kwako dawa ni kunakili katuni ukurasa kwa ukurasa.

BUIBUI: Hata kidogo. Tazama Logan, mwaka 2017. Asili yake ni Old Man Logan ya Mark Millar na Steve McNiven. Humo Wolverine anawaua wenzake kwa mikono yake, amedanganywa na mhalifu Mysterio aliyemfanya awaone kama maadui. Mysterio ni wa kundi la Spider-Man, na haki za Spider-Man hazikuwa kwa waliotengeneza Logan. Wangeweza kumbakizia Wolverine mauaji yale na kumtafutia mdanganyifu mwingine wa bei rahisi. Hawakufanya hivyo. Walibadilisha muuaji na sababu kwa pamoja: Charles Xavier amezeeka, ubongo wake wenye nguvu kuliko wote umeugua, na kifafa chake ndicho kilichowaua. Tendo jipya, chanzo kipya, na vinashikana. Filamu ile iliiacha katuni yake mbali kuliko karibu zote tulizotaja leo, na wale vijana wa mstari wa nyuma hawana la kuiuliza.

POPO: Vizuri, sasa nami nikutoboe. Batman Begins, mwaka 2005. Kuna mashine inayogeuza maji kuwa mvuke hata yakiwa ndani ya mabomba chini ya barabara. Watu wanasimama kando yake, wanapigana kando yake, na miili yao, ambayo zaidi ya nusu ni maji, haitoi hata jasho. Nijuavyo, katuni haihusiki hapo. Na The Dark Knight ya 2008: Joker anavamia karamu, anamsukuma Rachel dirishani, Batman anaruka kumdaka, na filamu inahamia kwingine. Joker yuko juu na wageni wote. Wakafanya nini, wakala keki? Uzi wako wa tendo na sababu uko wapi?

BUIBUI: Haupo, na hapo nakupa pointi. Lile la mashine ni kutojali tu. Lakini jiulize kwa nini la Joker watu hulitaja huku wakicheka, bila uchungu. Tunajua Joker anataka nini tangu dakika ya kwanza. Hatujaonyeshwa alivyoondoka, basi. Ni pengo la ratiba. Mtazamaji humsamehe msimulizi ratiba, kama anavyosamehe The Dark Knight Rises, ambapo wezi wa soko la hisa wanatoka mchana na baada ya mbio fupi ni usiku. Katika filamu hiyohiyo asichosamehe ni mgongo. Bane aliuvunja mgongo wa Batman katika katuni za Knightfall, mwaka 1993, na katuni zikalilipia tendo hilo: mtu mwingine akavaa joho kwa miezi, akaharibu, na Batman halisi akaponywa kwa nguvu zisizo za kawaida. Filamu ikachukua kuvunjika, ikaacha malipo. Katika gereza la shimoni, mfungwa mwenzake anampiga ngumi kwenye pingili ya mgongo, wanamning'iniza kwa kamba, anapona. Kisha, akiwa amefilisika, anatoka shimoni nchi ya mbali na kutokea Gotham, mji uliozingirwa na madaraja yake kulipuliwa.

POPO: Watazamaji hujaza wenyewe, mtani. Kwenye vibanda vya video wana hata mtu wa kazi hiyo. DJ Afro kule Kenya, Lufufu enzi zake kule Dar es Salaam: filamu inaendelea, yeye anasimulia juu yake kwa Kiswahili, na palipotoboka anatia kiraka chake, mara nyingi kitamu kuliko kitambaa. Na pesa je? Endgame imeingiza zaidi ya dola bilioni 2.7. Matundu gani hayo yanayolipa hivyo?

BUIBUI: Pesa inathibitisha kwamba tiketi zilinunuliwa kabla ya filamu kuonekana. Kuhusu viraka, nakubaliana nawe kuliko unavyodhani. Katuni zenyewe ziliishi kwa viraka. Stan Lee aliwatumia wasomaji waliotetea makosa ya Marvel kwa maelezo ya akili bahasha ya pongezi yenye kutangaza tuzo, na ndani haina kitu. Lakini katuni hutoka kila mwezi. Kosa la Machi hurekebishwa Juni. Filamu ikishatoka imetoka, na viraka vyake hushonwa na watu wasiosikilizana. Mwisho wa Endgame Steve Rogers anarudi zamani na kutokea amezeeka. Aliishi wapi? Waandishi wake, Markus na McFeely, walisema katika historia hiihii. Waongozaji, ndugu Russo, walisema katika historia ya pembeni. Bahasha tupu apewe nani?

POPO: Na ile ya X-Men ya mwaka 2014, Days of Future Past? Kitty hupita kwenye kuta, ghafla anaweza kurudisha akili za watu miaka hamsini nyuma.

BUIBUI: Katika katuni ya 1981 aliyesafiri ni Kitty, akirushwa na Rachel wa X-Men. Filamu ilimtaka Wolverine ndiye asafiri. Rachel akafutwa, Kitty akabaki na kazi ya dereva, na hakuna aliyeeleza leseni kaipata wapi.

POPO: La mwisho basi, la kwenu kabisa. Spider-Man: No Way Home, mwaka 2021. Uchawi ulioharibika unawaleta kutoka malimwengu mengine wale wanaojua kwamba Peter Parker ndiye Spider-Man. Mhalifu Electro, anayeigizwa na Jamie Foxx, hakuwahi kujua. Anakiri mwenyewe kwamba alidhani chini ya kile kinyago kuna mtu mweusi. Sasa aliitwa na nini?

BUIBUI: Na jina la Jamie Foxx kwenye bango.